Wasichana wa Shibuya Hawakuwa Wakitucheka

Kila baada ya muda picha zilezile huibuka upya. Wasichana wa Kijapani, ngozi imekolea kahawia, nywele zimepaushwa mpaka zikawa rangi ya fedha, macho yamezungushiwa rangi nyeupe, midomo nayo nyeupe, miguuni raizoni zenye soli ya kimo cha chupa ya soda. Na kila zinapoibuka, hukumu huwa ni moja: wanatudhihaki. Wamejipaka weusi ili kutukejeli. Hata Waasia nao wametugeuza vazi la sherehe. Siku hizi hukumu hiyo haitoki kwa wapita njia peke yao. Nimeisikia kwa walimu na kwa wanaharakati ninaowaheshimu, watu ambao kwa kawaida hawasemi neno bila kulipima. Imekuwa jambo ambalo mtu haombwi tena ushahidi wake.

Naipinga hukumu hiyo. Siipingi kwa kutaka kuitetea Japani, nchi ambayo ina deni lake kwa watu weusi, na deni hilo nitalitaja hapa chini bila kulipunguza. Naipinga kwa sababu inawabambikia wasichana hao kosa ambalo halikuwa lao na kuwaacha waliolitenda kweli waende zao. Zaidi ya hapo, inatuzuia tusiuone ugomvi uliokuwa unatuhusu kwa njia nyingine kabisa: ugomvi juu ya nani aliamua kwamba mwanamke mzuri sharti awe mweupe.

Tuanze na mahali penyewe. Shibuya ni eneo la Tokyo lenye stesheni kubwa ya treni, na hatua chache kutoka hapo lipo jengo la maduka liitwalo Shibuya 109, lililofunguliwa mwaka 1979. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ghorofa zake zilikuwa zimejaa vijiduka vya nguo za wasichana, na wanafunzi wa kike wa sekondari walikuwa wakishinda hapo baada ya masomo. Waliitwa kogyaru. Sketi ya sare waliikunja kiunoni mpaka ikapanda juu kabisa ya magoti. Soksi nyeupe ndefu waliziacha ziporomoke na kujikusanya kifundoni, wakazigandisha kwenye shavu la mguu kwa gundi maalumu ya soksi ili zisiteremke zaidi ya pale walipotaka. Mfukoni walikuwa na peja. Mwaka 1996 wateja wa peja nchini Japani walipita milioni 10, na wasichana hawa walikuwa wameunda lugha nzima ya tarakimu ya kusalimiana na kupanga miadi bila mzazi wala mwalimu kuelewa. Mashine za kupiga picha ndogo za kubandika, purikura, ziliingia madukani 1995. Mwaka huohuo likaanzishwa jarida la egg, ambalo muda si mrefu lilijaa picha za wasichana waliopigwa mtaani, wakiwa na majina yao ya utani na maneno yao wenyewe, hata msomaji wa mwezi huu akaweza kuwa mwanamitindo wa mwezi ujao.

Nyuma ya yote hayo uchumi ulikuwa unaanguka. Soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni siku za mwisho za mwaka 1989, kisha likaporomoka. Novemba 1997 kampuni ya dhamana ya Yamaichi, moja ya kubwa kabisa nchini, ilitangaza kwamba inafunga. Msichana wa miaka 16 aliyekaa mezani na baba yake jioni alikuwa anamwona mtu aliyeahidiwa kazi ya maisha na sasa hana uhakika wa mwaka ujao. Akimwangalia mama yake, alikuwa anaona njia iliyopangwa kwa ajili yake pia: usome, uajiriwe ofisini uandae chai na kutoa nakala, upate mume miongoni mwa wafanyakazi wenzako, uache kazi. Sheria ya usawa katika ajira ilianza kutumika mwaka 1986, lakini ofisi zilikuwa hazijabadilika kiasi cha msichana yule kuamini kwamba zimebadilika. Na ili njia hiyo ikufae ulipaswa kuwa na sura fulani. Nywele nyeusi. Sauti ya chini. Ngozi nyeupe.

Hapo kwenye ngozi ndipo pa kukaa, maana ndipo hukumu inayopendwa na wengi inapopita bila kusimama. Wajapani wana msemo wa kale usemao kwamba weupe wa ngozi huficha kasoro saba. Karne nyingi kabla meli ya Mzungu haijaonekana katika maji yao, wanawake wa tabaka la juu walijipaka poda nyeupe usoni. Weupe ulikuwa alama ya mwanamke asiyefanya kazi shambani, na baadaye ukawa biashara kubwa ya vipodozi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati huohuo ambapo wasichana wa Shibuya walikuwa wanazidi kuwa weusi, televisheni ilimpandisha mwanamke mfanyabiashara aitwaye Sonoko Suzuki akawa malkia wa weupe. Alikuwa akitokea na uso uliopakwa ukawa mweupe pe, taa kali zikiumulika ili weupe uzidi. Alifariki mwaka 2000. Nani alikuwa anambishia? Hawakuwa maprofesa, na chama cha wanawake hakikutoa tamko. Waliosimama upande wa pili wa kile kioo walikuwa ni watoto wa sekondari wenye ngozi ya kahawia, wengi wao wakiwa hawajui kuwa wanabishana na mtu.

Na kahawia hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1966 kampuni ya Shiseido ilitoa bango la msichana aliyelala mchangani, Bibari Maeda, ngozi yake imeungua jua, macho yanamtazama mtu moja kwa moja. Picha ilipigwa Hawaii. Bango hilo lilikuwa mwanzo wa Japani ya kisasa kukubali kwamba mwanamke aliyeungua jua anaweza kuwa mzuri, ingawa kwa majira ya kiangazi tu. Baada yake wakaja vijana wa kuteleza mawimbi wa pwani ya Shonan, kusini ya Tokyo. Halafu akaja Namie Amuro.

Amuro alizaliwa Naha, Okinawa, mwaka 1977. Okinawa ni visiwa vya kusini kabisa, vilivyokuwa na ufalme wao mpaka Japani ilipovimeza mwaka 1879, na baada ya vita vikatawaliwa na jeshi la Marekani hadi 1972. Watu wake wamedharauliwa sana na wa bara, kwa lafudhi yao na kwa rangi yao. Mwaka 1996 binti huyu wa visiwani alikuwa ndiye mwimbaji anayeigwa kuliko wote Japani: ngozi ya jua, nywele za kahawia, nyusi nyembamba, sketi fupi, buti ndefu za soli nene. Walioiga mwonekano wake walipewa jina lao, Amuraa, na jina hilo likaingia kwenye orodha ya maneno yaliyovuma zaidi mwaka huo. Anayetaka kujua wasichana wa Shibuya walikuwa wanamtazama nani walipoanza kukolea rangi, jibu ni huyo. Walikuwa wanamtazama Mjapani mwenzao kutoka sehemu ya nchi iliyozoea kuchekwa.

Kuanzia hapo mambo yalipanda haraka, na kufikia 1999 na 2000 walikuwepo wale tunaowaona kwenye picha: ganguro, na baada yao yamanba, waliokwenda mbali zaidi. Wanaohukumu hupenda kusema kwamba jina ganguro lenyewe lina weusi ndani yake. Ni kweli, lakini Mjapani hutumia neno hilohilo la weusi kwa mvuvi na kwa mtoto aliyetoka likizo ya ufukweni.

Tuutazame uso wa yamanba kwa karibu, kama vile tumekaa naye kwenye kiti cha vipodozi. Kwanza ngozi: amelala kwenye mashine ya taa za kuunguza, na pale taa zilipopungukia ameongeza poda ya kahawia iliyokolea. Wanja mweusi mzito unapita mbali nje ya mipaka ya jicho. Kope za bandia zipo juu na chini, mara nyingine safu mbili. Kisha kijiti cha rangi nyeupe inayometa kinachora duara pana kuzunguka jicho, kinashuka kwenye mfupa wa pua, kinaishia mdomoni, ambako midomo inafutwa kabisa kwa weupe. Chini ya macho amebandika vijiwe vinavyometameta au maua madogo. Nywele ni za fedha, za waridi, za machungwa. Nguo zina maua makubwa ya haibiskasi, hasa zile za duka la Alba Rosa, ambazo waliziwekea akiba ya miezi, na shingoni shada la maua kama la mgeni anayepokewa Hawaii.

Sasa niambie ni Mwafrika gani huyo. Ni mtu mweusi wa wapi mwenye midomo myeupe na nywele za waridi? Ni sehemu gani ya uso huo iliyochukuliwa kwetu, kutoka Mwanza, Kisangani au Atlanta? Wenye hukumu huona kahawia na kufumba macho kwa yote yaliyobaki. Anayejipaka rangi ili kumkejeli mtu huhakikisha mtazamaji anamtambua anayekejeliwa. Kejeli isiyotambulika si kejeli. Uso wa yamanba hautambuliki kuwa wa mtu yeyote duniani, na wenyewe walikusudia hivyo. Hata jina yamanba ni la bibi kizee wa milimani katika hadithi za kale za Wajapani, jitu la kike lenye nywele timutimu ambalo husemekana lilikuwa linakula wasafiri. Watu walilitumia kuwatukana, na wasichana wakalivaa.

Japani inayajua vizuri matusi halisi ya rangi, na ndiyo maana inaniuma kuona tunayachanganya. Mwaka 1854 mabaharia wa Kimarekani wa Komodoro Perry, waliokuja kuilazimisha Japani ifungue bandari zake, waliwaandalia wenyeji wao onyesho melini: wazungu waliojipaka masizi, wakiimba na kucheza kwa kuwaigiza Waafrika watumwa. Huo ulikuwa miongoni mwa mafunzo ya mwanzo kabisa ambayo Japani ya kisasa ilipewa kuhusu sisi. Mwaka 1960 nchi nzima ilipagawa na mwanasesere wa kupuliza aitwaye Dakkochan, mweusi ti, macho ya mviringo, aliyetengenezwa aning'inie kwenye mkono wa mnunuzi. Aliuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1980 likaibuka kundi la wanaume waimbaji, baadaye wakijulikana kama Rats & Star, waliopaka nyuso zao rangi nyeusi ili waonekane waimbaji weusi wa Marekani. Mwaka 2015 walipiga picha ya namna hiyohiyo pamoja na kundi la wasichana la Momoiro Clover Z, na ilibidi watu wapige kelele kabla onyesho lao halijakatwa kwenye televisheni. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2018 mchekeshaji maarufu Masatoshi Hamada alitokea kwenye kipindi kinachotazamwa na mamilioni akiwa amepakwa weusi ili awe Eddie Murphy. Baye McNeil, mwandishi mweusi aishiye Japani, alipinga waziwazi, akaambiwa na wengi kwamba hana mzaha.

Hilo ndilo deni, na linadaiwa kihalali. Katika kila tukio nililolitaja yupo mtu mweusi anayeigizwa, na kuna mtazamaji anayetarajiwa kucheka kwa sababu amemtambua. Na katika yale ya tangu 1980, waliofanya ni wanaume wazima wenye majina, waliolipwa, wenye vituo vya televisheni nyuma yao. Ukiwachukua watoto wa miaka 16 wa Shibuya ukawaweka kwenye mstari huo, umewapunguzia mzigo Hamada na wenzake. Umewafanyia hisani ambayo hawakustahili.

Nitakwenda mbele zaidi. Dharau dhidi ya weusi ilikuwepo kweli katika habari ya ganguro, lakini ilikuwa inawaelekea wao. Mtafiti Sharon Kinsella, katika makala aliyoichapisha mwaka 2005, ameonyesha jinsi majarida ya wiki ya wanaume yalivyowaandika wasichana hawa: kama kabila la washenzi lililoibuka katikati ya jiji, kama wanyama wa kuchunguzwa, kama watu wachafu wasiooga, na rangi yao ikawa ushahidi wa uchafu huo. Maneno yote ambayo Mjapani wa zamani alijifunza kuyasema juu ya Mwafrika yalitolewa stoo, yakafutwa vumbi, yakarushwa kwa binti wa jirani. Mhariri mwanaume aliyeona ngozi ya kahawia na kuwaza "ushenzi" ndiye aliyetutukana. Msichana aliyeitaka ngozi hiyo, akatoka nayo akapanda treni akijua atatazamwa kwa kinyaa, alikuwa anapokea tusi hilohilo. Sisi tunapotazama picha yake leo na kusema "huyu ametudhalilisha", tumekaa benchi moja na mhariri yule.

Walitukanwa kwa mengine pia. Katika miaka hiyo magazeti yalijaa habari za wanafunzi wa kike wanaotoka na wanaume wa makamo kwa malipo. Mambo hayo yalikuwepo, na mwaka 1999 Japani ilitunga sheria ya kuwaadhibu wanaonunua ngono kwa watoto. Ila gazeti liliyachukua yakawa ndiyo maana ya soksi zilizoporomoka, kana kwamba kila aliyezivaa anauza mwili. Mzee aliyenunua hakupewa jina la kabila. Sisi hatuhitaji kufunzwa jambo hili. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na Dar es Salaam ikashuhudia wasichana wakifukuzwa na kuzomewa mabarabarani kwa sababu ya sketi fupi na wigi. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume walioona amevaa vibaya. Tunaijua sauti ya mtu anayesema analinda heshima ya taifa huku mkono wake uko kwenye nguo ya binti.

Kuna sehemu moja ambayo wanaonipinga wana haki, nami siikwepi. Pembeni ya ganguro palikuwa na mkondo mwingine, wa wapenzi wa hip hop na R&B, ambao baadhi yao waliunguza ngozi na kusuka nywele kwa nia ya wazi ya kufanana na wasanii weusi wa Marekani. Hapo yupo anayeigwa, na ana haki ya kuuliza kwa nini anaigwa ngozi na nywele huku jirani yake mweusi akinyimwa nyumba ya kupanga Tokyo. Hoja hiyo naiunga mkono. Lakini mkondo ule una jina lake, muziki wake na nguo zake, na mtu anayejali ukweli hawezi kuubeba pamoja na msichana wa maua ya haibiskasi kwa sababu tu wote wawili wamekolea rangi.

Tuje kwenye kuenea kwake nje, ambako hukumu imepata meno mapya. Mtindo huu ulisafiri kwa njia za kawaida za utamaduni wa Japani. Katuni ya GALS! ya Mihona Fujii, iliyoanza kutoka mwaka 1998 ikimhusu msichana jasiri wa Shibuya, ikafanywa mfululizo wa televisheni mwaka 2001 na kutazamwa mbali na Japani. Kurasa za egg zilichanganuliwa kwa mashine na kupita mkono kwa mkono miongoni mwa wasichana wasiojua kusoma Kijapani, wakihesabu kwa jicho safu za kope. Mwaka 2009 mwanamitindo Tsubasa Masuwaka alitoa kope za bandia za Dolly Wink, na pakiti zake zikawa zinaagizwa kutoka Ulaya na Amerika. Vikundi vikaundwa, vikubwa na vidogo, katika nchi za Ulaya, Marekani na Amerika ya Kusini, kwa mfano uleule wa Tokyo: wasichana kadhaa, jina la kikundi, siku ya kukutana, na ukali wa kuambiana ukweli pale kope ilipobandikwa kombo.

Hapa nakubali kitu kwa moyo wote. Msichana mweupe wa Marekani anayejipaka kahawia na kutoka nje anatembea kwenye ardhi ile walikotoka mabaharia wa Perry. Huko rangi ya kupaka usoni ina historia ya majukwaa yaliyojaa kicheko juu ya watumwa, na historia hiyo haimuulizi mtu kama aliikusudia. Vikundi vya nje vimelijadili jambo hili kwa ukali na kwa miaka mingi, na wengi wa nje huiacha ngozi yao ilivyo wakachukua kope, nywele, kucha na ujasiri. Wamefanya vema. Ila kosa la kufikiri hutokea pale hukumu inayofaa Ohio inaporudishwa nyuma kupitia bahari na kubandikwa juu ya Shibuya ya mwaka 1999, juu ya binti ambaye aliyekuwa anagombana naye ni bibi yake, mwalimu wake na malkia wa weupe kwenye televisheni.

Na wapo wasichana weusi, wa Marekani na wa Uingereza, waliojiunga na mtindo huu kwa hiari yao. Hawa ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika, kwa sababu hukumu inayodai kuwatetea haiwaulizi chochote. Waliyakuta majarida ambamo, angalau kwa mara moja, ngozi iliyokolea haikuwa tatizo la kusahihishwa ukurasa wa tatu kwa krimu. Wakaongeza nywele za dhahabu, kope, vijiwe, raizoni. Ngozi walikuwa nayo tayari. Mtu akiniambia kwamba mwanamke mweusi wa London aliyevaa hivyo ameshiriki kujidhalilisha, namwomba amweleze yeye ana kwa ana.

Serikali ya Japani yenyewe haijawahi kuwaonea fahari. Mwaka 2009 Wizara ya Mambo ya Nje ilipoteua mabalozi watatu vijana wa kuutangaza mtindo wa nchi duniani, ilimchukua mmoja wa magauni ya Lolita, mmoja wa mavazi ya Harajuku, na mmoja wa sare za shule. Hapakuwa na uso wa ganguro. Mwaka huohuo Shiho Fujita, gyaru (ndilo jina la jumla la wasichana wa mtindo huu) aliyeanzisha kampuni yake akiwa na umri wa miaka 19, alikuwa amekwenda Akita kulima mpunga pamoja na wenzake, kope zikiwa mahali pake, ili kuonyesha vijana wa mjini kwamba kilimo kinawezekana. Wauzaji wa Shibuya 109, mabinti wa miaka ishirini na kitu waliokuwa wamevaa wanachokiuza, ndio waliokuwa wanaamua nchi itavaa nini msimu ujao. Walipozaa, wakapata majarida yao ya akina mama. Watu hawa walijenga maisha kutokana na kitu ambacho kila mwenye cheo aliwaambia ni aibu.

Mimi simshauri binti yeyote alale kwenye mashine ya kuunguza ngozi. Tangu 2009 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeziweka mashine hizo katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Lakini ngozi hulipa pande zote mbili, na kwetu inalipa zaidi upande ule mwingine. Serikali za Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na mkorogo bado unachanganywa vibandani na kuuzwa kwenye vikopo visivyo na jina. Wanawake wetu wanachubuka mashavu kwa ajili ya ahadi ileile ya kasoro saba. Nimewaona wengine wakificha vifundo vya vidole mezani kwa sababu vifundo hukataa kuitikia dawa na hubaki vimetoa siri. Sisi watu wa namna hiyo tukitazama picha ya msichana aliyezaliwa mweupe, katika nchi inayouabudu weupe, akaukataa mbele ya watu wote, jambo la kwanza tunaloona ni tusi?

Ganguro leo ni wachache. Jarida la egg lilifungwa mwaka 2014, likarudi mtandaoni 2018 na kuchapishwa tena 2019, na gyaru wako hai, nchini na nje, katuni zikiendelea kuwaletea wapenzi wapya. Lakini wengi wa gyaru wapya ni weupe. Nywele zimepaushwa, kope zipo, kucha ndefu zipo, kahawia imeondoka. Katikati ya safari hiyo, Julai 2013, kampuni ya Kanebo ililazimika kuondoa madukani vipodozi vyake vya kung'arisha ngozi, na zaidi ya watu 10,000 waliovitumia wakajitokeza wakiwa na mabaka meupe usoni na mikononi. Biashara ya weupe ililipa fidia, ikaomba radhi, ikaendelea. Ndugu zangu wanaoshangilia kwamba ganguro wametoweka kwenye njia za Shibuya, na wanaohesabu kutoweka huko kuwa ushindi wa mtu mweusi, watuambie ni mtu mweusi gani aliyefaidika. Mimi namwona mshindi mmoja tu, naye ni yule aliyekuwa akimulikwa taa kwenye televisheni ili weupe wake uzidi.